Duara Getini kwa Mkwe

Magari yote ya maji taka yaliyokosa njia mjini yalikuwa yanakwenda kusimama kwenye geti la nyumba moja, na nyumba hiyo ilikuwa ya baba mkwe wa mtu aliyeyapeleka.

Mtu huyo madereva walimwita Ramani. Hawakumpa jina hilo kwa kumtukuza. Alikuwa mtengeneza programu pekee katika kampuni ya kunyonya vyoo, na dereva yeyote aliyejikuta mbele ya ukuta au shimo alikuwa na mtu wa kumtaja. Nyumbani hakuwa na jina. Nyumbani alikuwa mkwe, tena mkwe wa aina mbaya kuliko zote, yule anayeishi ukweni. Yeye na mkewe walikaa chumba cha uani kwa wazazi wa mke, kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Mwaka wa tatu ulikuwa unaingia na mambo hayajakaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Ramani ilikuwa fupi: asubuhi aliamkia watu, jioni alikula ameinama, na hata akikohoa alikohoa kwa adabu.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro kisichotokea popote. Mbele palizibwa na ukuta wa ghala, upande mmoja ukuta mwingine, upande wa pili geti. Uwanja wa ndani ulikuwa mdogo kama shuka, kwa hiyo mzee alipoagiza geti alitaka lifungukie nje. "Likifungukia ndani," alimwambia mchomeleaji, "litanikata miguu nikiwa kwenye cherehani." Mzee alikuwa fundi nguo. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, lilipigwa na kipande cha sindano iliyokatika ikiwa kwenye mwendo. Tangu hapo alishona kwa jicho la kulia peke yake, sare za shule zaidi, na cherehani yake ilikaa pale uani karibu na geti kwa ajili ya mwanga.

Sasa nieleze jinsi Ramani alivyojifunga kamba.

Bosi alitaka wateja waombe gari kwa simu. Mteja anaandika mahali anapokaa, mfumo unayapeleka maneno hayo kwa huduma ya ramani ya mtandaoni, ya kampuni kubwa ya mbali yenye ramani ya dunia nzima, na huduma inarudisha namba mbili. Moja inasema uko juu au chini kiasi gani kwenye ramani, nyingine inasema uko pembeni kiasi gani. Hizo namba mbili ndizo mahali penyewe. Mfumo unatafuta gari lililo karibu na namba hizo na kumwambia dereva nenda. Mlango huo wa kuulizia, watu wa kompyuta wanauita API. Kuutumia si uganga. Unapewa ufunguo, unauliza, unajibiwa.

Taabu ni pale usipojibiwa. Watu wa mji ule hawakuandika anwani, waliandika habari. "Nyuma ya shule, geti la bluu, ulizia Mama Pacha." Huduma ya ramani haimjui Mama Pacha. Ikirudi mikono mitupu, mfumo ulikuwa unazimika wote. Basi siku za majaribio, Ramani akiwa amekaa sebuleni kwa mzee, kompyuta mapajani, aliandika mstari mmoja: jibu likikosekana, tumia namba hizi. Akaweka namba za pale pale alipokaa, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo kichwani. Akasema ataufuta kesho. Kesho yake bosi akasema kazi ianze leo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Gari la kwanza lilifika siku iliyofuata. Dereva wake aliitwa Pua, kwa sababu alijisifu kwamba kwa kazi ile pua yake ilishastaafu. Mama mkwe alimkuta amesimama getini na bomba begani.

"Hodi, Mama! Choo kiko upande gani?"

"Cha nini?"

"Kimejaa."

"Hakijajaa."

"Wote husema hivyo, Mama. Usione haya, mimi sinusi kitu."

"Nimekwambia hakijajaa!"

"Mashine inasema kimejaa."

"Basi kainyonye hiyo mashine!"

Mzee alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Lakini siku iliyofuata yalikuja mawili, na kesho yake matatu, na kufika mwisho wa wiki hakuna aliyecheka. Harufu iliingia kwenye chai. Ukianika nguo ilibidi uzifue upya. Majirani wakaanza kuulizana kwa sauti ya kusikika ile familia inakula nini.

Jioni moja mzee alimwita mkwewe.

"Haya magari si ya kwenu?"

"Ni ya kwetu, Baba."

"Sasa mbona yananipenda mimi?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, mzee alikuwa na uso wa mzaha, na kosa lilikuwa bado dogo kama kifungo cha shati. Ramani akatazama mkeka. "Ni wale watu wa ramani, Baba. Wa huko ng'ambo. Wamekosea. Nimeshawaandikia."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi pambana nao, mwanangu. Usikubali wakuonee."

Mwanangu. Kwa muda wote aliokaa pale hakuwahi kuitwa hivyo. Mzee alimwita mkwe, au yule bwana, au wewe. Neno alilolitamani alilipata kwa uongo, na sasa akisema kweli atalirudisha. Mficha uchi hazai, lakini Ramani alikuwa kama wengi wetu, aliona heri kuficha kwa leo na kuzaa baadaye.

Alijaribu kutengeneza kimyakimya. Alibadilisha namba, magari yaliyopotea yakaelekezwa kwenye yadi ya kampuni. Mchana bosi akachungulia dirishani akaona magari sita yamejipanga yadini, madereva wanacheza karata kwenye kivuli cha tairi.

"Nani kasema leo sikukuu?" Bosi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. "Jana kwenye ramani nimeyaona yako mtaani yanafanya kazi. Rudisha ilivyokuwa jana!"

"Bosi, jana hayakuwa yanafanya kazi. Yalikuwa yamepotea. Huduma ya ramani ndiyo inayakosea." Uongo ule ule, kwa masikio mengine.

"Yapotee mbali, sitaki kuyaona hapa. Rudisha. Na kuanzia leo mfumo usiguswe mpaka wageni waje. Ukiugusa, umeigusa kazi yako."

Wageni walikuwa watu wenye fedha za kuwekeza. Bosi alimwahidi Ramani kwamba wakiridhika, atampa mkataba wa kudumu badala ya kibarua cha mwezi kwa mwezi. Kwa mkataba huo mwenye nyumba yeyote angempangisha. Angetoka ukweni na kwenda kula amekaa wima mezani kwake. Akarudisha namba.

Na kulikuwa na mambo mawili mengine ambayo msomaji lazima ayajue, maana ndiyo yaliyoleta maafa.

La kwanza ni ufunguo. Kampuni ilitumia ufunguo wa bure, ambao una kiasi chake cha maswali kwa siku. Yakiisha, huduma ya ramani haijibu tena mpaka kesho. Ramani alimwomba bosi alipie ufunguo mkubwa. "Swali nalo linanunuliwa?" bosi aliuliza. "Waulize kidogo kidogo." Basi asubuhi mfumo ulikuwa na akili zake, waliopotea ni wateja wa Mama Pacha tu. Mchana maswali yakiisha, kila ombi lililoingia, hata la anwani safi, liliangukia getini kwa mzee.

La pili ni duara. Zamani madereva walikuwa wanafika kwa mteja, wanakula naye njama na kunyonya kwa bei ya mfukoni. Bosi alitaka dawa, na dawa aliitengeneza Ramani kwa mkono wake, akaionea fahari. Alichora kwenye ramani duara kuzunguka kila mahali pa kazi. Dereva akishaingia ndani ya duara, simu yake inahesabu kwamba amefika. Hatoki mpaka mteja abonyeze kwenye simu yake kwamba kazi imekwisha, au afute ombi. Dereva akitoka kabla, simu inajifunga, na wiki nzima hapati kazi.

Vitu hivi viwili vilipokutana vilifanya mtego wa panya. Gari linafika getini kwa mzee. Mteja wa kweli yuko upande wa pili wa mji anasubiri, hawezi kubonyeza lolote. Dereva naye hawezi kutoka. Baada ya kuchoka, mteja anafuta ombi kwa matusi. Dereva anawasha gari, anashukuru Mungu, na kabla hajarudi nyuma simu inalia: kazi nyingine, getini hapo hapo, kwa kuwa hakuna gari lililo karibu na geti lile kuliko yeye.

"Ramani," Pua alimwambia siku moja, "mimi na mama mkwe wako sasa ni ndugu. Jana amenipa kiti."

Siku ya wageni ilianza na jicho.

Alfajiri mzee alisema anaona pazia jeusi linashuka kwenye jicho la kulia, kama mtu anayefunga duka taratibu. Mkewe Ramani alimpeleka zahanati ya jirani. Daktari wa pale alimtazama kwa tochi, akasema utando wa ndani wa jicho umeanza kubanduka, na ukibanduka hadi katikati hakuna wa kuurudisha. Hospitali kubwa ina mpasuaji mmoja wa kazi hiyo, leo yupo mpaka saa tano asubuhi, kisha anasafiri na kurudi wiki ijayo. Mpelekeni kabla ya saa nne. Asitikiswe, asiiname, kichwa kikae kimoja.

Walimrudisha nyumbani achukue kadi yake na shuka huku teksi ikitafutwa. Ramani alikuwa amesimama mlangoni amevaa shati la wageni.

"Baba, nikupeleke mimi."

"Una wageni leo."

"Wataningoja."

"Hakuna bosi anayengoja." Mzee alikuwa amekaa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama aliyebeba mtungi. "Nenda, mwanangu. Binti yangu ananitosha. Mwanamume akilinda kazi, amelinda watu wake."

Mke wa Ramani akaendelea kutafuta kadi. Ramani akaenda.

Wageni walikuwa watatu, mama mmoja mwenye miwani na wanaume wawili. Bosi alikuwa ametundika ukutani skrini kubwa kama mlango uliolazwa. Mji wote ulionekana pale, barabara kwa barabara, na magari yake yakitambaa kama siafu wa kijani. Ramani alikaa mezani chini ya skrini, akiendesha.

"Na mteja anatafutaje?" mama wa miwani aliuliza.

"Jaribu mwenyewe, mama!" Bosi akamsogezea kibao cha kuandikia. "Chezea, chezea. Ni bure kabisa!"

Ramani alinyoosha mkono kukizuia kibao, akachelewa. Alikuwa ameweka kwenye kisanduku cha kutafutia ule ufundi wa kubashiri. Unaandika herufi moja, mfumo unakuletea mitaa inayoanza nayo, unaongeza herufi, unaletewa mingine. Ni kitu kizuri. Lakini kila herufi inayoguswa ni swali moja kwa huduma ya ramani. Mama aliandika jina la mtaa wake wa utotoni, akakosea, akafuta, akaandika tena. Mwenzake akataka aone kwake. Wa tatu akataka kuona kama inajua kijiji cha bibi yake, haikujua, wakacheka, wakajaribu kijiji cha jirani. Walicheza kama watoto na bomba la maji. Maswali ambayo kwa kawaida yalidumu mpaka mchana yakaisha kabla chai haijapoa.

Kwenye skrini siafu wakaanza kugeuka.

"Mnaona?" bosi alisema, akiwa hajui alichokuwa anakionyesha. "Magari yanakusanyika pale. Ndipo penye mahitaji makubwa."

"Pana nini pale? Hoteli?"

"Makazi, mama. Watu wengi."

"Wanakula vizuri," alisema mmoja wa wanaume, na chumba kikaangua kicheko.

Simu ya Ramani ikatetemeka. Akatoka korido.

"Uko wapi?" Mkewe alikuwa anahema.

"Niko na wageni. Mmeshafika?"

"Tufike kwa mabawa? Pua amesimama kwenye geti, halifunguki. Limegota kwenye tangi lake. Nyuma yake kuna magari mawili. Teksi iko huko barabarani inapiga honi. Mwambie mtu wako asogee!"

Akampigia Pua.

"Pua, sogea mbele."

"Mbele kuna ukuta, labda niupande."

"Basi rudi nyuma."

"Nyuma yangu yuko Mpole. Nyuma ya Mpole yuko Kipara, na nyuma ya Kipara naona mwingine anaingia sasa hivi. Karibu sana, ndugu!"

"Mwambie wa mwisho arudi."

"Akirudi anatoka kwenye duara lako. Wiki nzima hana kazi. Utamlisha wewe?"

"Nitamfungulia, Pua. Naapa."

"Ulimwapia Mpole mwezi uliopita. Alikaa siku saba anahesabu mbao za dari. Sauti yako haifungi wala haifungui, Ramani. Inayofunga ni mashine."

"Kuna mgonjwa humo ndani!"

"Najua. Namwona kwenye upenyo wa geti. Amekaa kwenye kiti cha cherehani, ameshika kichwa, ananiambia nisijali, nifanye kazi yangu." Pua alishusha sauti. "Zima hicho kitu, kaka. Zima, wote tuondoke."

Ramani aliporudi chumbani, bosi alimsogelea akamnong'oneza huku akiwatabasamia wageni. "Unatokatoka wapi? Wamekolea. Mkataba wako uko kwenye droo, nimeshauandika, bado sahihi tu. Nipe nusu saa."

Tusimpambe. Alikuwa na kompyuta mbele yake. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta duara na ule mstari wa namba za sebule ili mfumo uzimike, mistari miwili, kazi ya muda wa kupiga chafya. Alijua mpasuaji anaondoka saa ngapi. Alikaa. Alijiambia kwamba madereva wataelewana. Alijiambia kwamba mteja mmojawapo atafuta ombi. Alijiambia kwamba nusu saa si kitu, na akifukuzwa leo mzee huyo huyo atamlisha mpaka lini? Mtu akitaka kukaa hakosi kiti.

Mama wa miwani aliuliza kama mfumo unafanya kazi mvua ikinyesha. Biskuti zilizungushwa. Kwenye skrini siafu wa tano akaingia kwenye kichochoro, na wote watano wakabanana kwenye nukta moja mpaka wakaonekana kama mmoja mnono. Ramani aliijua nukta ile kuliko yeyote chumbani. Aliziona kwa akili nguo kwenye kamba, cherehani, ndoo ya maji chini ya bomba, na mzee ameshika kichwa. Alikuwa anatazama nyumba yake kutoka juu kama kunguru, na hakuna aliyejua.

Mkewe hakupiga tena. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Nusu saa ilipokwisha na bosi akaomba nyingine kwa kidole, Ramani akapiga yeye, mezani hapo hapo mbele ya wote.

Alisikia vishindo vya nyundo.

"Kuna nini huko?"

"Jirani wa nyuma anabomoa ukuta wake," mkewe alisema kwa sauti tulivu, na Ramani angependa zaidi apige kelele. "Tunampitisha Baba kwake. Usijisumbue."

Simu ikakatwa. Ramani akafungua ukurasa, akafuta duara, akafuta na ule mstari wa namba. Skrini ikawa nyeupe, mji wote ukatoweka.

"Umefanya nini?" sauti ya bosi ilipanda ikakatika.

"Nimefungua geti."

"Geti gani?" aliuliza mama wa miwani, biskuti mkononi.

"La nyumbani kwetu. Hapo penye mahitaji makubwa, hakuna mahitaji yoyote. Niliandika namba za sebule ya baba mkwe wangu nikasahau kuzitoa, na nilipokumbuka nikaogopa. Kila mnachokiona hapo ni gari lililopotea."

 Bosi akafungua droo, akatoa karatasi, akaichana taratibu, kwanza mara mbili, halafu mara nne, mbele ya wageni, kama anayekata nyama. Ramani hakuingoja iishe.

Huko kichochoroni simu za madereva zilikufa zote kwa pamoja. Gari la mwisho lilirudi nyuma, likafuata la mbele yake, na Pua akatoka wa mwisho. Geti likafunguka. Uani hapakuwa na mtu. Walikuwa wameshampitisha mzee kwenye tundu la ukuta, amekaa kwenye kiti, jirani mbele na binti yake nyuma, na kiti kiligonga tofali mara moja. Mara moja tu. Halafu teksi ikalazimika kuzunguka mtaa mzima kuwafikia upande ule.

Ramani aliwakuta hospitali kwenye korido. Mama mkwe alikuwa amekaa na kadi ya mumewe mkononi. Muuguzi alieleza kwa upole wa watu waliozoea. Daktari aliwangoja, alitazama saa, akaongeza kidogo, akaondoka. Asingeweza kuikosa safari. Atarudi wiki ijayo, na watajaribu.

Mzee alikuwa amelazwa chali, kichwa kimezuiwa na mito pande zote.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Baba."

"Wageni wako wamekwenda salama?"

Ramani alishika chuma cha kitanda. "Baba, zile namba niliziweka mimi. Si watu wa ng'ambo. Hakuna niliyemwandikia. Niliziweka nikiwa nimekaa sebuleni kwako."

Mkewe alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kulikunja.

"Ulijua tangu lini?" mzee aliuliza.

"Tangu gari la kwanza."

"Na leo, ungeweza kuyaondoa?"

"Ningeweza."

"Saa ngapi?"

"Binti yako aliponipigia mara ya kwanza."

 Pazia lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya jicho, na mzee alikuwa akimtafuta Ramani kwa kipande cha mwanga kilichobaki chini, kama mtu anayechungulia chini ya mlango. "Umesema," alisema mwishowe. "Asante, bwana."

Wiki iliyofuata mpasuaji alirudi, akafanya alichoweza, akaosha mikono. Mzee anajua mchana na usiku, basi.

Kampuni ilimpata mtu mwingine. Aliuwasha mfumo kutoka kwenye nakala ya zamani, na asubuhi hiyo Pua akajikuta tena getini. Hakupiga hodi. Alimpigia Ramani, Ramani akampigia mrithi wake, akamwelekeza mstari ulipo. Kijana wa watu alishukuru sana. Mstari hakuufuta, kwa kuwa bila huo mfumo unazimika. Aliweka namba nyingine. Ramani hakuuliza za nyumba ya nani.

Gharama ni hii. Jicho moja, la kulia, ambalo ndilo lililokuwa limebaki. Ukuta wa jirani, ambao umejengwa upya kwa matofali ya rangi nyingine. Sare nne za shule zilizokuwa zimekatwa na kuchorwa chaki, wenyewe wakazichukua zikiwa vipande. Cherehani imefunikwa shuka na mama mkwe anawekea juu yake ndoo. Kazi ya Ramani, na mkataba uliochanwa mara nne. Mke, ambaye hajadai talaka wala hajaondoka kwao, kwa kuwa baba anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda chooni. Chumba ambacho Ramani alikuwa anakitafuta siku zote amekipata, cha mtu mmoja. Neno moja, mwanangu. Na geti, ambalo halikupata hata mkwaruzo.